Laini Moja ya Kabazi

"Mama Shiru, hii tovuti inasema mimi ni mwizi," Jepkorir alisema, akipangusa udongo kidoleni abonyeze tena.

Wanawake wa kikundi cha wakulima walikuwa kwenye mabenchi ya kanisa, Kabazi, baada ya maombi ya asubuhi. Ndivyo walivyouza: Wariara, ambaye wote walimwita Mama Shiru, alifungua hotspoti ya simu yake, wote wakatumia bando lake, na kila mama akajiandikia mavuno yake kwenye tovuti ya kikundi. Nje kabichi zilikuwa zimeshakatwa. Shule moja kule Bahati huagiza kabla ya saa sita.

Wariara akajaribu. Naye alikuwa amefungiwa. Jana yake alikuwa ameweka kwenye tovuti plagini, programu ndogo ya ulinzi, kama afisa wa semina ya mtandao alivyowaagiza, akachagua kiwango kikali kuliko vyote. Akaipigia simu kampuni inayohifadhi tovuti, Nakuru mjini.

"Nywila zimekosewa mara nyingi kwa laini moja," Zeddy wa huduma akasema. "Mfumo umeona ni mtu mmoja anajaribu kuvunja. Kila mtu anunue bando lake."

"Bando ama unga?" Jepkorir akadakia. Mabenchi yote yakacheka.

"Mathe, mfumo haujui mambo ya kuchangiana."

"Basi tutaufundisha," Wariara akasema, akakata simu.

Ukurasa wa kampuni wenye mafaili ya tovuti haukuwa umefungwa. Akaingia, akatafuta folda ya plagini, akaibadilisha jina ili mfumo usiipate na ulinzi uzimike. "Baba wa mbinguni, nishike mkono," akanong'ona, akabonyeza.

Tovuti ikafunguka. Vigelegele vikapanda hadi mabatini. Wariara alisimama wima kama bibi harusi. Kuilegeza ile plagini kungengoja.

Kisha mnunuzi wa shule akapiga simu. "Tangu asubuhi sijaona kabichi kwenye tovuti yenu, mama. Nimechukua kwa broka. Pole."

Pikapu ya dalali mwingine ilikuwa tayari langoni. Habari hutembea.

"Kina mama, nasikia soko lenu limekufa. Niwabebee kwa nusu bei?" dalali akaita.

Wariara akatoka. Jua lilikuwa limeanza kulegeza majani ya juu ya kabichi.

"Soko liko wazi, boss. Ingia kwa tovuti uagize kama wengine. Bei iko hapo."

"Na zikioza?"

Wariara akageuka, akawatazama wenzake. Jepkorir akatikisa kichwa kuikataa ile nusu bei.

"Zitaoza na bei yake."

Pikapu ikaondoka polepole, kama inayongoja kuitwa. Hakuna aliyeiita.