Pontiac ya Delphine

Gari lilikuwa la Delphine, si la mumewe, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi walilisahau baadaye walipokuwa wakizisimulia habari hizi. Delphine Galus alilinunua akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa mshahara wake wa kiwanda cha sukari pale Bay City, kabla hajamjua mwanamume wa kumwoa. Pontiac GTO ya mwaka 1968, ya kijani, injini ya silinda nane, na ngurumo iliyowatoa wazee wa mtaa wa Wapolandi vibarazani kutazama ni nani anayepita. Kila Jumamosi ya kiangazi alilipeleka kwenye njia ya mbio, akawashinda wanaume waliokuja wakitabasamu na kuondoka bila kuaga. Norbert alikuwa mmoja wao. Alishindwa mara mbili siku moja, akamfuata kumuuliza kabureta ameitegesha vipi, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Hawakujaliwa watoto. Norbert alichonga vyuma kiwandani miaka thelathini na minne, kisha akastaafu. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na banda la gari lilipakana na jikoni. Katikati palikuwa na mlango mmoja tu, wenye kioo.

Mwezi wa Aprili, mwaka Delphine alipotimiza miaka hamsini na tisa, daktari aliwakalisha akawaeleza kwa nini alikuwa akijikwaa ovyo tangu majira ya baridi. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaokausha misuli: miguu, mikono, ulimi, na mwisho pumzi. Dawa hakuna. Mwaka mmoja, pengine na nusu. Delphine aliuliza maswali mawili, kwa sauti ya kawaida. Norbert hakuuliza hata moja. Njiani kurudi alizungumzia mlio aliokuwa akiusikia kwenye gurudumu la mbele.

Wiki ya kwanza ya Mei theluji ilikuwa imeyeyuka yote na chumvi inayomwagwa kuyeyushia barafu, ambayo hula chuma cha magari, imesafishwa barabarani. Delphine aliingia bandani na mkongojo wake, akalivua gari turubai, akamwambia mumewe kwamba anataka kuliendesha hadi Caseville, ale samaki wa kukaanga kando ya ziwa, kisha arudi. Mguu wa kushoto bado ulikuwa na nguvu ya kukanyaga klachi. Hakujua utakuwa nayo mpaka lini.

Norbert alilitazama gari. Kabureta ilikuwa imechoka. Injini ikipata moto huzimika, na petroli hunuka mpaka ndani. Alimfikiria mkewe amekwama peke yake kando ya barabara, na miguu ile. Akamwambia ampe wiki mbili. Ataing'oa kabureta na kuweka nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, kama magari yote ya siku hizi, ili gari liwake kwa kugusa tu.

"Mimi sijaomba liwe jipya, Norb," Delphine alisema. "Nimeomba funguo."

"Wiki mbili tu, mama. Utanishukuru."

Alikuwa akisema kweli. Aliamini ni wiki mbili. Lakini alipokwisha kuing'oa kabureta na kuinua kichwa cha injini kukagua vali, aliona kuta za silinda zimelika. Injini ikashushwa. Na injini ilipokwisha kushuka, ikiwa imening'inia kwenye mnyororo mbele ya macho yake, Norbert aliingiwa na wazo lililomkosesha usingizi kwa furaha: tabo. Feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na kuishindilia injini hewa maradufu. Gari lile lingepata nguvu ambayo halikuwahi kuwa nayo hata siku lilipotoka kiwandani. Delphine angekanyaga kidogo tu, na dunia ingerudi nyuma.

Kwa tabo pistoni za zamani hazifai, kwa hiyo aliagiza nyingine, zikachukua wiki tano kufika. Mabomba ya ekzosi yalibidi yakatwe na kuchomelewa upya, kwa sababu hakuna aliyewahi kutengeneza ya kuenea pale. Kila kitu kilidai kingine. Norbert aliamka alfajiri, akaingia bandani, akatoka kula, akarudi. Mle ndani kilichoharibika alikijua, na alijua cha kufanya.

Mwanzoni Delphine alikuwa naye. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa mumewe, na mwezi wa Juni alikaa kwenye kigoda akimbania nyaya za kompyuta, moja moja, akizisoma rangi zake kwenye mchoro. Walicheka. Alimtania mumewe kwamba miaka yote hiyo bado hajui kutofautisha zambarau na kahawia. Kisha siku moja mwanzoni mwa Agosti koleo lilimponyoka. Aliliokota. Likamponyoka tena. Mara ya tatu hakuinama. Aliitazama mikono yake mapajani kama mizigo ya mtu mwingine aliyoachiwa aishike.

Norbert aliona. Alikuwa amechuchumaa karibu na tairi, hatua mbili kutoka kwake.

"Kapumzike," alimwambia, akarudisha macho kwenye nati aliyokuwa akiifunga. "Hizo zilizobaki nitazimalizia mimi."

Delphine aliondoka. Hakurudi tena kukaa kwenye kigoda kile.

Casimir, mdogo wake Delphine wa kiume, alikuwa fundi wa malori ya kubeba viazisukari, vile vinavyokamuliwa sukari, mtu mnene asiye na maneno mengi. Alikuja mara tatu kwa wiki kumsaidia dada yake kuoga na kumletea supu ya kiazi chekundu iliyochujwa, maana kutafuna kulikuwa kumeanza kumshinda. Mwisho wa Agosti aliufungua ule mlango wa kioo, akasimama kizingitini.

"Shemeji, ile kabureta bado unayo?"

Norbert alimwonyesha kwa kidole, juu ya rafu.

"Basi irudishe. Mimi na wewe, siku mbili injini iko mahali pake. Wacha hayo madude. Mguu wake bado una nguvu kidogo. Nitakaa naye pembeni, nimkanyagie klachi hata kwa mkono. Mwache dada yangu aendeshe."

"Pistoni hizi ni za tabo. Bila tabo gari halitakuwa na nguvu."

"Nani anataka nguvu?"

"Nimebakiza wiki tatu, Cass."

"Ulibakiza wiki tatu mwezi wa sita," Casimir alisema. "Unajua yuko wapi sasa hivi? Yuko mezani, anautazama mgongo wako kwenye kioo. Kila nikija namkuta hapo."

Norbert alimwambia atoke. Alisema na mengine, kwamba fundi wa malori asimfundishe mtu aliyechonga vyuma miaka thelathini na minne. Casimir alitoka. Norbert alishika spana, akaiweka chini, akaishika tena. Hakugeuka kuutazama mlango. Alijua kwamba akigeuka atamwona mkewe, na kwamba akimwona itambidi aingie ndani aketi naye mezani, na mezani pale hapakuwa na kitu cha kufunga wala kufungua.

Injini iliwaka tarehe kumi ya Oktoba. Iliwaka mara moja, ikatulia, bila kutetemeka wala kunuka. Norbert alisimama akilia huku akifuta mikono. Kisha alikwenda jikoni kumwita Delphine, ambaye kufikia siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo imeegemezwa mto, na maneno yake yalitoka mazito, yakiburutana, hivi kwamba ni mumewe na mdogo wake tu walioyaelewa. Alimsukuma hadi mlangoni. Delphine alilisikiliza gari kwa muda mrefu.

"Zuri," alisema.

Casimir, ambaye alikuwa ameendelea kuja ingawa hawakusemezana, alizunguka gari lote bila kualikwa. Alipofika nyuma aliinama, akagonga tangi la petroli. Akauliza kama ni lile la zamani. Lilikuwa lile lile. Norbert alikuwa ameingiza pampu mpya ndani yake. Casimir alisema tangi hilo halina vizuizi ndani. Gari likichomoka kwa kasi petroli yote itakimbilia nyuma, pampu itavuta hewa, na injini ya tabo ikikosa petroli hata kwa sekunde chache inajichoma yenyewe. Tangi linalofaa lipo, aagize.

"Wiki ngapi?" Norbert aliuliza.

"Tatu. Nne."

Wote wawili walimtazama Delphine. Norbert akasema watakwenda Jumapili.

Jumapili alimbeba mikononi kama alivyombeba siku ya harusi, ila sasa alikuwa mwepesi mno. Alimkalisha kiti cha abiria, akamfunga mkanda, akazungushia skafu paji la uso wake hadi nyuma ya kiti ili kichwa kisianguke. Usukani hakuwa na namna ya kuushika tena.

Barabara ya kaskazini ilikuwa tupu. Kulia na kushoto viazisukari vilikuwa vimeng'olewa na kulundikwa mirundo mikubwa kama nyumba. Gari lilikwenda kama maji. Norbert alimtupia jicho mkewe, akaona macho yake yako barabarani, mbali mbele, kama ya mtu anayeendesha.

"Kanyaga," Delphine alisema.

Akakanyaga. Tabo ilipiga mluzi, ukapanda, viti vikawasukuma mgongoni, na Delphine akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, ugonjwa ulikuwa bado haujakifikia. Norbert alikisikia akasahau kila kitu. Aliushikilia mguu chini sekunde mbili, tatu, nne. Kisha kikasikika kishindo kama jiwe limetupwa ndani ya pipa, moshi wa buluu ukafunika kioo cha nyuma, na injini ikanyamaza.

Gari lilijiburuta hadi kando ya barabara, likasimama. Norbert alifungua boneti, ingawa alikwisha kujua. Pistoni ilikuwa imeyeyuka. Alimpigia simu Casimir, kisha akarudi kuketi. Upepo wa ziwani ulikuwa ukiingia kwenye mianya ya milango. Alivua koti lake akamfunika, akamwambia kwamba injini inaweza kupona, ni silinda moja tu, ataishusha kesho, ataagiza lile tangi.

"Norb." Delphine aliyatafuta maneno moja moja, na kila moja lilimgharimu pumzi. "Mwezi wa tano nilikuomba funguo. Gari lilikuwa linatembea."

Norbert aliliweka sawa koti mabegani mwa mkewe.

"Nilikuwa jikoni. Siku zote hizo. Hatua kumi kutoka ulipokuwa."

Akapumzika. Norbert alingoja, akidhani kuna zaidi, labda tusi. Angelipokea tusi kwa shukrani. Lakini Delphine alikuwa amemaliza. Casimir alifika baada ya dakika arobaini na gari lake lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Alimhamisha dada yake taratibu, akamfunika blanketi, na hakusema neno lolote kuhusu tangi.

Kuanzia siku hiyo Norbert hakuingia bandani. Alihamishia kitanda chake sebuleni, kando ya kitanda cha Delphine. Alijifunza kumlisha kwa mpira uliopitishwa tumboni, kumgeuza, kumfyonza makohozi. Alikaa naye kutwa nzima. Ila sasa Delphine alilala sana, na katikati ya Novemba ulimi ulinyamaza kabisa. Muuguzi aliwafundisha namna ya kuzungumza kwa macho: kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Unasikia baridi? Ndiyo. Nizime redio? Hapana.

Alasiri moja, wiki moja kabla ya Krismasi, Norbert aliuvuta uso wake karibu na wa mkewe, akamuuliza kama amemsamehe.

Delphine alimtazama. Akapepesa mara moja. Norbert alianza kuvuta pumzi, na kabla hajaimaliza akamwona amepepesa tena. Baina ya mpepeso wa kwanza na wa pili palikuwa na nafasi, lakini hakuweza kusema ni nafasi kubwa kiasi gani. Huenda jibu lilikuwa la kwanza, na la pili lilikuwa jicho tu, kama jicho lolote linavyochoka. Huenda yote mawili yalikuwa jibu. Angeweza kuuliza tena. Macho yale yalikuwa bado wazi, yanamngoja. Alifungua kinywa, akamuuliza kama anataka mto mwingine.

Ndiyo, Delphine akapepesa.

Norbert alikuwa na siku ishirini na nne nyingine za kuuliza, na hakuuliza. Delphine alifariki Januari, asubuhi, Norbert akiwa amemshika mkono. Ardhi ilikuwa imeganda hata makaburi hayachimbiki, kwa hiyo baada ya misa jeneza liliwekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, pamoja na wengine waliokufa majira yale, kungoja udongo ulegee. Kila siku Norbert alitembea hadi pale, akasimama mbele ya mlango wa chuma uliofungwa, mikono mfukoni. Mara nyingine midomo yake ilionekana ikichezacheza. Mtunza makaburi alidhani anasali.

Walimzika wiki ya pili ya Aprili, mvua ikinyesha. Casimir alimrudisha nyumbani, akapika mayai, wakala. Alipokuwa akivaa koti kuondoka aliuliza walifanye nini lile gari, maana alikuwa na mtu anayelitaka hata likiwa hivyo lilivyo.

"Sijui, shemeji," Norbert alisema. "Lilikuwa lake. Ungemuuliza yeye."

Casimir alifunga vifungo vya koti, akaenda zake. Norbert alibaki mezani, kwenye kiti kinachotazamana na ule mlango wa kioo, sahani mbili mbele yake, mpaka mabaki ya mayai yakakauka humo.