Risasi Ndefu za Mwenyekiti

Nguruwe pori walikuwa wamekula mahindi ya shamba la kijiji kana kwamba nao wameandikishwa Ujamaa. Ndiyo maana asubuhi ile watu walijaa kando ya shamba: mbele Felisiani, mwenyekiti wa kijiji, na boksi la risasi mpya kutoka Sumbawanga mjini; pembeni yake Isakwisa, mgambo aliyepewa kazi ya kupiga; na kule mbali, nyuma ya matuta, Dominika, mjane ambaye bunduki ilikuwa yake.

Kule mbali hakujipeleka kwa kupenda. Isakwisa ni mume wa binti yake Adela, na mama mkwe hamsogelei mkwewe wala hapokei kitu mkononi mwake. Tangu harusi wawili hao walisalimiana kwa kupaza sauti, kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

Bunduki ilikuwa ya marehemu mumewe Fransisko, mitutu miwili, ya zamani, kitako kimefungwa waya. Felisiani aliifuata nyumbani "kwa kazi ya taifa". Dominika alimpa na risasi zake fupi, mwenyekiti akazikataa. Zimepauka, alisema, kama kandambili. Mjane akazifunga kwenye pindo la kanga, akamfuata nyuma.

Sasa mwenyekiti alichomeka risasi ndefu, nyekundu, akafunga bunduki. Kla!

"Mnaona? Imeingia kama kidole puani!"

Watu wakacheka.

"Kuingia imeingia," Dominika akapaza sauti. "Tundu la kukalia risasi kwenye bunduki hiyo ni fupi, mwenyekiti! Hata Fransisko aliona imeingia. Jicho lake liko wapi?"

Kicheko kikakatika. Jicho lile kila mtu alilikumbuka. Siku Fransisko alipopiga risasi ndefu, bunduki ilipasuka kitako, fundi wa Malangali akaitengeneza; jicho halikupata fundi. Misibani Fransisko alikuwa akisema yeye analia nusu bei.

"Mama Adela, unapinga kazi ya kijiji?"

"Napinga mkwe wangu kupofuka."

"Isakwisa, nguruwe wamo humo mahindini, piga!"

Amri ni amri. Isakwisa akaweka bunduki begani. Dominika akatazama chini. Kwenye tuta, karibu na mguu wake, lilikuwepo ganda jekundu la risasi kama ileile, limeachwa na bwana nyama, afisa wa wanyamapori, aliyepiga pale kwa bunduki yake mpya. Akaliokota. Akaruka tuta la kwanza, la pili, akaendelea.

"Yuuu! Anamwendea mkwe!" wanawake wakashika vichwa.

Isakwisa akageuza uso kwa aibu, asijue pa kukimbilia. Dominika akamnyang'anya bunduki, vidole vikagusana, akaifungua na kuitoa ile risasi nzima. Mahali pake akasukuma ganda tupu. Likagoma, ukingo umebaki nje.

"Haya, sukuma wewe, mwenyekiti."

Felisiani akasukuma kwa dole gumba. Akasukuma kwa kiganja.

"Lina kutu hili."

"Plastiki siku hizi inashika kutu?" Dominika akamwangalia. "Risasi nzima imekunja mdomo, ndiyo maana inaingia. Ukipiga, mdomo unakunjuka, na humo ndani hakuna nafasi ya kukunjukia. Nguvu yote inamrudia mwenye shavu. Kama unabisha, shavu lako hilo hapo, tena nene."

Felisiani akajishika shavu. Boksi akalirudisha mfukoni taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ni la mwingine.

Dominika akafungua pindo. Risasi zilizovimba kwa unyevu akazitupa pembeni. Mbili kavu zikateleza ndani zenyewe.

"Umemgusa mkweo," Felisiani akanguruma, akitafuta pa kushika. "Utatoa mbuzi wa faini!"

"Nitatoa! Tena mnene, maana mkwe ana macho yote mawili ya kumchagulia."

Mahindi yakatikisika. Watu walidhani sasa ataiweka bunduki chini, arudi nyuma ya matuta, Isakwisa aje kuiokota kwa heshima. Dominika akaifunga, akamwekea mkononi, kiganja kwa kiganja.

"Shika, mwanangu. Mbuzi ni yuleyule."