Grupu Lisilotaka Salamu

Maulidi alimshika Melkiori mkono, akaanza kumjulia hali. Habari za Kibaha, za njiani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje. Melkiori alikuwa ameibeba pole yake tangu tulipotoka Picha ya Ndege, na kila alipofungua mdomo kuitoa aliulizwa habari nyingine. Mke wa Maulidi, Zuwena, alikuwa amezikwa juzi yake. Mfiwa ndiye aliyekuwa akituuliza sisi hali zetu, taratibu, bila kuruka hata moja, na aliporidhika kwamba hatujambo ndipo akanyamaza na kutupa nafasi. Melkiori akanigeukia. Nikasema mimi.

"Pole sana, kaka Maulidi."

"Tumeshapoa, dada Adventina. Karibuni mkae."

Tukakaa. Watu wa Masaki, hii ya Kisarawe, ndivyo walivyo, hawakwambii jambo kabla hawajajua umeamkaje. Sisi wa Kibaha, tuliokuja kutoka mikoani na haraka zetu, tulikuwa tumeisahau adabu hiyo, na kwa kuisahau tukaona ni uchafu wa kufagiwa.

Mimi ni mtunza dawa katika kituo cha afya kimoja cha Kibaha. Miaka michache iliyopita tuliletewa programu ya simu inayoitwa Kapu, ya kuhesabia dawa zilizopo na kuagizia zilizopungua. Ilikuja na semina ya siku moja, soda na chapati, halafu kila mtu akarudi kwake kupambana na hali yake. Melkiori, fundi kompyuta mwenye ofisi ndogo Kwa Mathias, aliiona shida yetu akatufungulia grupu la kuulizana. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alijibu maswali akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa kilabuni, akiwa anamsubiri padri aanze ibada. Mkewe Elinipa aliwahi kuniambia kwamba yeye ana mke mwenza, na mke mwenza huyo anaishi ndani ya simu.

Mwanzoni tulikuwa wachache na tulielewana. Kisha wakaja wengine, wilaya baada ya wilaya, na asubuhi ukifungua simu unakutana na maua, picha za vikombe vya chai, aya na zaburi, na habari za asubuhi zisizo na idadi. Swali la mtu ambaye dawa zake zimepotea kwenye programu lilikuwa limezikwa humo ndani. Na wageni waliuliza yaleyale. Nimesahau namba ya siri. Nimesahau tena. Firdausi wa Kisarawe mjini, ambaye peke yake ndiye aliyejua kurudisha kumbukumbu zilizofutika, alivumilia mpaka siku alipoandika, "Nina kazi na nina watoto, maua siyahitaji," akatoka. Alitoka na ujuzi wake wote. Tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia, maana wiki hiyohiyo zahanati mbili zilipoteza hesabu zao na hatukuwa na wa kumwita.

Tukaitana kwa supu Kwa Mathias, sisi wasimamizi. Melkiori alikuwa amechoka, macho mekundu. Alikuja na mpango. Grupu ligawanywe vyumba viwili: wazoefu kwao, wageni kwao, na wazoefu wapeane zamu ya kwenda kuwajibu wageni. Halafu awekwe roboti wa kufuta kila ujumbe wa salamu tupu, na mwenye kurudia-rudia afungiwe kwa muda.

Mimi nilikataa lile la salamu. Nilimwambia, "Melki, kuna watu hawajui kuuliza bila kusalimia."

"Basi wasalimie na waulize hapohapo. Nani kawakataza?"

"Mtu wa heshima anasubiri aitikiwe kwanza."

"Adventina, hili ni grupu la kazi. Si harusi."

Wengine walicheka, wakapiga kura, nikashindwa. Sitasema kwamba nilibashiri yaliyokuja. Nilikasirika siku ile, kisha nikauzoea ukimya kama wenzangu. Chumba cha wazoefu kilikuwa kitamu kweli. Watu waliulizana mambo mazito na kujibiwa papo hapo, na hata Firdausi alirudi. Zamu ya kwa wageni ilienda vizuri mwezi wa kwanza. Baadaye kila mwenye zamu alidhani mwenzake yupo.

Kulikuwa na mwenzetu aitwaye Tatu, niliyekuwa nimekaa naye benchi moja kwenye ile semina. Muuguzi wa zahanati moja ya ndani huko Masaki, mwanamke mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala jirani. Alinikuta kwenye chai akaniamkia ingawa hatupishani sana kwa umri, akaitambua lafudhi yangu na kuniuliza kwetu Bukoba wanaendeleaje wakati hata jina langu alikuwa bado hajalijua. Aliporudi kwao alibeba kazi ya watu watatu peke yake.

Kapu lilipobadilishwa kuwa toleo jipya, waliobuni programu waliongeza hatua moja. Ukishaagiza dawa, oda inabaki na alama ya njano mpaka uibonyeze mara ya pili, ndipo inakuwa ya kijani na kuondoka. Sisi wazoefu tuliambiana siku hiyohiyo, chumbani kwetu. Tatu aliiona njano yake, akaingia grupu la wageni.

Aliandika, "Shikamooni wakubwa zangu." Akaiweka simu chini, akasubiri marahaba. Kwake yeye kutoa shida kabla ya kuitikiwa ni sawa na kuingia chumbani kwa watu bila hodi. Ujumbe ukapotea. Akadhani ni mtandao wa huko kwao, kesho yake akasalimia tena. Ukapotea. Akahisi ameudhi watu, akaandika kwamba hamjambo na samahani kama kuna mahali amekosea. Roboti akahesabu hiyo pia kuwa salamu, akamfungia nje.

Baada ya hapo hakumsumbua mtu wa grupu. Alipiga simu mara moja ofisini kwa wakubwa wake, akajibiwa kwamba oda zote siku hizi zinaingia kwa programu, asubiri. Akasubiri. Miongoni mwa dawa alizokuwa ameagiza ilikuwamo ile sindano ya kuzuia damu mama akishajifungua.

Zuwena alijifungua mchana, mtoto wa kiume mwenye afya. Kisha damu ikaja na haikukatika. Tatu alijua kabati halina kitu, akafanya kila ambacho mikono inaweza kufanya, akamkanda tumbo mpaka vidole vikafa ganzi, huku Maulidi akitafuta gari. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Zuwena alikata roho kabla ya kufika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Tatu.

Haya nilihadithiwa na Tatu mwenyewe kwenye simu. Alilaumu ucheleweshaji wa dawa. Kisha, kama mtu anayeongezea jambo dogo, akasema, "Nilitaka kuwauliza ninyi kuhusu njano, dada. Nilisalimia, hamkuitikia. Nikasema mna kazi nyingi."

Niliifunga ofisi nikamfuata Melkiori. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakujitetea. Alisema anakwenda Masaki kumwambia Tatu ukweli, na njia nzima nilimsihi asiuseme. Nilimwuliza ameufikiria moyo wa nani, wake au wa Tatu. Tatu alikuwa akilala akijua dawa zilicheleweshwa na watu wa mbali. Akiambiwa oda haikuwahi kutoka kwenye simu yake, atajihukumu mwenyewe, na hakuna wa kumwondolea hukumu hiyo.

Tulipoaga kwa Maulidi, Tatu, aliyekuwapo hapo msibani, alitupeleka zahanati. Akatukaribisha viti, akatuletea maji, akamwuliza Melkiori habari za mkewe. Melkiori aliitikia zote, kichwa chini. Ndipo Tatu akatoa simu.

"Kaka, nilikuwa na swali. Hii njano ni nini?"

Nilimtazama Melkiori nikimwomba kwa macho. Lakini lilikuwa swali, na mtu yule maisha yake yote alikuwa hajawahi kuliacha swali aliloulizwa uso kwa uso.

"Bonyeza tena hapohapo," alisema.

Tatu akabonyeza. Ikawa kijani. Nikaona uso wake ukianza kuelewa, nikatamani niwe popote pengine duniani.

"Kumbe ilikuwa huku kwangu," alisema.

"Hapana, Tatu. Ilikuwa kwangu. Salamu zako ni mimi niliyezifuta."

Tatu hakulia wala hakumlaumu. Alisema, "Haidhuru, kaka," kwa sauti ileile ya siku zote, na lile haidhuru lilimtoa Melkiori nje. Dawa zilifika Masaki wiki iliyofuata, zote, bila upungufu.

Roboti aliondolewa. Vyumba vikaunganishwa. Maua yamerudi, vikombe vya chai vimerudi, Firdausi ametoka tena na safari hii hakuaga. Melkiori anajibu kila salamu, moja moja, hata zile za watu wasio na swali, na kazi zake Kwa Mathias zinalala. Sijui kama hilo ndilo grupu tulilolihitaji. Tatu bado yumo. Kila ujumbe anaufungua, naona alama kwamba amesoma. Toka siku ile hajaandika neno, na sisi tukimsalimia haitikii.