Hotuba ya Mzee Bila Sauti

Muuza vigae mmoja hakujua lolote kuhusu video, ila mdomo alikuwa nao. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimbandika jina la Profesa siku alipotengeneza pasi ya nyumbani akauzimisha umeme wa jirani, na yeye badala ya kuona haya akalipokea kama cheo. Kwa hiyo mkewe alipomletea flashi na kumwambia, "Mume wangu, video za harusi yetu hizi hapa. Nitengenezee DVD, Mama aje atazame Jumapili," Profesa hakusema atajaribu. Alisema, "Kazi ya dakika hiyo."

Ilibidi iwe DVD kwa sababu mama mkwe alikuwa na deki yake, na alitaka kuondoka na diski yake aende akaangalie kwake, kwa raha zake.

Lakini mkewe alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, hotuba ya baba yake. Siku ya harusi mzee alishika kipaza sauti, kikaanza kukwaruza. Bwana harusi, kiherehere kikiwa kimempanda, akaingia chini ya meza na suti yake kwenda kuchezea nyaya, na kipaza sauti kikafa kabisa. Mzee akaendelea kuongea hivyo hivyo, ukumbi mzima ukipiga soga, na hakuna aliyeambulia neno. Kilichomsikia ni kamera ya shemeji, iliyosimama peke yake mbele ya meza wakati shemeji mwenyewe yuko kwenye foleni ya chakula. Baadaye binti alimwomba baba yake arudie. Mzee akacheka: "Nimeshasema, nimemaliza." Haukupita muda mrefu akafariki.

"Mimi sijaifungua," mkewe alisema. "Nataka tumsikie wote pamoja. Na wewe usinitangulie."

Profesa akaapa, na kiapo hicho akakishika vizuri mno. Programu ya kutengeneza DVD ilipoyakataa mafaili ya kamera, ikidai hayana umbo inalolitaka, alifungua la hotuba kuangalia lina tatizo gani. Sauti ilikuwa inachelewa. Mzee anafumbua mdomo, kimya. Anaufumba, ndipo "Ndugu zangu na majirani" inatoka. Hapo Profesa akaizima haraka, asije akasikia zaidi ya mkewe. Alijisifu moyoni kwa uaminifu huo.

Akapakua programu nyingine ya kubadilisha mafaili, yenye visanduku vingi vya kuweka alama. Maelekezo hakuyasoma, maana yaliandikwa kwa ajili ya wasiojua. Akaamua kujaribu picha kwanza, sauti ataishughulikia baadaye, hivyo akaondoa alama kwenye kisanduku cha sauti. Programu ikamuuliza kwa adabu: faili lenye jina hili tayari lipo, lifutwe, jipya likae mahali pake? Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akanywa maji. Profesa akabonyeza Ndiyo, kwa kidole cha mtaalamu.

Picha ilitoka safi. Mzee alionekana hadi vifungo vya koti. Profesa akarudi kuchukua sauti kwenye faili la mwanzo, na faili la mwanzo halikuwepo. Lilikuwa ni hilo hilo alilolifuta kwa mkono wake, ndani ya flashi, bila kutoa nakala. Akampigia shemeji simu, akijitia anauliza tu.

"Ile kadi ya kamera? Nilishaifuta zamani, nikarekodia mpira. Kwani vipi, Profesa?"

"Hamna kitu. Mambo yanakwenda vizuri."

Akazima kompyuta na kuiwasha. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akawa anausikiliza ukimya kwa nguvu zote. Mkewe alipochungulia mlangoni na kuuliza wamefika wapi, alimjibu, "Tumemaliza," kisha akapoteza saa nzima kuipamba orodha ya mwanzo ya diski kwa maua ya waridi. Maua yalitokea vizuri. Aliyatazama akajiona mjinga, na alikuwa hakosei.

Jumapili mchana wakakusanyika sebuleni. Mama mkwe alikuwa kiziwi tangu kabla ya harusi ile, na aliyetaka kuzungumza naye alikaa mbele yake ili mama aweze kumsoma mdomo. Aliwekewa kiti karibu kabisa na televisheni. Shemeji alikalia mkono wa kochi. Mkewe alishika kitambaa tayari kwa machozi, na Profesa alipokiona kile kitambaa akasogea karibu na mlango.

Kwenye televisheni watu wakaingia ukumbini, keki ikakatwa, vyote vikiwa na sauti yake. Kisha mzee akasimama na kufumbua mdomo. Kimya.

Shemeji akabonyeza rimoti. "Profesa, vipi? Spika zimelala?"

"Ni waya tu huo. Ngoja nikimbie dukani nikalete mwingine." Alikuwa keshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Mkewe hakumgeukia. Alikuwa anautazama mdomo wa baba yake ukifunguka na kufungika, na kitambaa kimemwanguka.

"'Mnamwona bwana harusi?'" Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti yake kubwa isiyojisikia. Wote wakamgeukia. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mumewe. "'Yuko chini ya meza. Ameniharibia kipaza sauti.'"

Shemeji akaangua kicheko.

"'Binti yangu, mumeo hajui anachofanya. Lakini ameharibu na bado yupo pale pale, anahangaika. Mimi nilipoharibu kwangu, nilitoka. Mwaka mzima sikurudi. Mama yenu ndiye aliyebaki na nyinyi, na...'"

Akanyamaza. Kwenye televisheni mzee aliendelea kusema, na hakuna mtu aliyejua anasema nini.

"Siku ile nilikaa nyuma yake," mama mkwe akasema, sasa maneno yakiwa yake. "Nilikuwa naona kisogo tu." Akapangusa macho. "Nimepitwa hapo. Mwanangu, hebu nirudishie."

Alikuwa anamtazama Profesa pale mlangoni, na mkono kwenye kitasa. Profesa akakiachia kitasa. Akarudi akichechemea na kiatu chake kimoja, akapiga magoti mbele ya deki. Kabla hajabonyeza alimgeukia mkewe.

"Sauti nimeifuta mimi. Hakuna waya. Haipo tena popote, na nimekudanganya."

Mkewe alimkazia macho mpaka akainamisha kichwa. "Tutaongea," akasema. "Sasa rudisha, Mama anangoja."

Akarudisha. Mama mkwe akasogeza kiti, uso wake karibu uguse kioo.

"'...na sijawahi kumwomba msamaha,'" akasoma polepole. "'Namwomba leo, mbele yenu nyote.'"

Mkewe akaenda kukaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake. Shemeji akaweka rimoti chini.

"Rudisha," mama mkwe akasema. Profesa akarudisha. Safari hii mama hakuwasomea, midomo yake ilitembea pamoja na ya mzee, bila sauti, na ilipofika mwisho akasema tena, "Rudisha."