Kilomita Hazipotei

Jumanne asubuhi Biranchi Behera alitoka nje na mswaki wa mwarobaini mdomoni kwenda kusoma jiwe la kilomita lililosimama mbele ya ua wake. Lilikuwa limeandikwa RANIGARH 63. Ijumaa iliyopita lilisema 58. Alitema mate machungu kando, akarudi ndani kumwambia mkewe Mandakini apakie chakula cha mchana na cha jioni pia. Mandakini alikwisha kufanya hivyo. Wali wa jana uliolowekwa maji ulikuwa ndani ya kopo, na vitunguu na pilipili mbichi juu yake.

Kabla ya uchaguzi Ranigarh ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka kijiji cha Kusumpada. Mtu alipanda baiskeli, akauza biringanya zake mjini, akarudi jua halijawa kali. Kisha watu wa Kusumpada na vijiji jirani wakampa Biranchi kura zao aende katika bunge la jimbo kwa chama cha Mtungi, na chama cha Kinu kikashinda kila mahali isipokuwa maeneo matatu, lao likiwemo. Mwezi uleule barabara ikaanza kurefuka. Mashimo yalibaki yaleyale na daraja lilikuwa lilelile. Iliongezeka tu hapo katikati, baada ya tanuri la matofali, kilomita mbili wiki hii, tatu wiki ijayo, na pande zote mbili mashamba ya mpunga ambayo hakuna aliyemjua mwenyewe. Idara ya Ujenzi haikukaa kimya. Ilimtuma mpaka rangi na kopo la rangi nyeusi, awe anasahihisha namba kwenye mawe mara mbili kwa wiki.

"Mimi naandika tu," alisema mpaka rangi huyo alipokaribishwa chai, na watu wakamwelewa.

Hakuna aliyeshangaa. Ukimchagua mtu asiye wa serikali, unategemea nini? Wengine hukatiwa maji, wengine walimu wao huhamishwa. Kusumpada walirefushiwa barabara, na mzee mmoja muuza tambuu alisema heri wao, maana barabara angalau ni mali ya umma.

Lakini Bibi Hemalata, mama yake Biranchi, figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa ilimpasa alale kwa saa nne kando ya mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya Ranigarh, na mashine hiyo ilikuwa ya pekee katika wilaya nzima, yenye vitanda viwili. Kitanda cha pili kilikuwa cha Sukanti, fundi cherehani wa Jhariposi, kijiji kilicho upande mwingine wa mji. Jhariposi nao walikuwa na mbunge wa Mtungi, mwanamke aitwaye Kuntala Nayak, na barabara yao nayo ilikuwa inarefuka. Wagonjwa hao wawili walilala wakiulizana namba za mawe yao kama watu wengine wanavyoulizana habari za wajukuu. Aliyetoka mbali zaidi siku hiyo alipewa mto mnene.

Jimbo lile lilikuwa na sheria. Mbunge akihama chama peke yake, anapoteza kiti. Theluthi mbili ya wabunge wa chama wakihama pamoja, sheria huwaita muungano na kuwapa mkono wa heri. Mtungi walikuwa na wabunge watatu. Wa tatu, Harihar Sethi, mwenye vinu vya mpunga, alitaka kuhama tangu wiki ya kwanza, na alichokosa ni mtu mmoja tu wa kufuatana naye.

Akaja Kusumpada akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kaka, kwangu zimefika mia na tisini," alisema. "Mpunga wangu unachipua ndani ya magunia kabla haujaona mnada. Tuhame bwana. Wewe na mimi tunatosha."

"Na kiapo?"

"Kiapo tuliapa wote."

"Wewe uliapia kichwa cha mpwa wako," Biranchi alimwambia. "Yule usiyempenda."

Harihar alicheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Katika bunge lililopita wabunge kumi na wanne wa Mtungi walihamia Kinu ndani ya wiki moja, hata wakashindwa kupata viti vya kukalia upande ule. Kwa hiyo safari hii chama kiliwapeleka wagombea wake wote hekaluni, kila mmoja na mtu wake kipenzi. Mgombea aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtu huyo, akaapa mbele ya kuhani na umati kwamba hatahama. Kila mtoto wa huko anajua kwamba kiapo cha kichwa kikivunjwa, anayekufa si mwapaji. Ni mwenye kichwa. Wajanja walijua la kufanya. Biranchi, ambaye ukweli ulikuwa ugonjwa wake, alimchukua mama yake.

Akamwambia Harihar atafikiri. Akafikiri majira yote ya mvua, na barabara haikumngoja. Ikafika kilomita mia na kumi, ikafika mia na arobaini. Bibi Hemalata sasa aliondoka Jumatatu ili awahi Jumanne, akarudi Jumatano, akaondoka tena Alhamisi. Nyumbani alikuwa akitulia siku za wikendi tu kama mfanyakazi wa mjini. Miguu ilimvimba, uso ukawa na rangi ya majivu, na ndani ya gari alipumua kwa kuhesabiwa. Biranchi alisimama bungeni mara nne kuiombea barabara, na mara zote nne spika alimshukuru kwa mchango wake.

Mwezi wa Septemba mke wa Gobinda mfinyanzi aliumwa na nyoka akiwa anakusanya kuni. Walimpakia kwenye gari saa mbili asubuhi. Alifariki kwenye jiwe la tisini, katikati ya mashamba yale yasiyo na mwenyewe, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kugeuzia gari waliendelea naye hadi mjini. Baada ya kumchoma maiti, Gobinda alikuja na watu wengine wapatao ishirini, wakaketi uani kwa Biranchi bila kukaribishwa.

"Mheshimiwa, sisi ndio tuliokwambia usihame," Gobinda alisema. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba. "Tulikupigia makofi pale hekaluni. Leo sisi walewale tunakwambia hama."

"Na kiapo changu, Gobinda?"

"Hicho ni cha nyumbani kwako."

Hakuna aliyemkemea. Biranchi alitazama nyuso zao moja moja, akaona kwamba hawana ubaya naye. Walikuwa wamechoka tu, na aliyechoka hachagui maneno.

Jioni hiyo Bibi Hemalata, aliyekuwa amesikia yote akiwa kitandani, alimwita.

"Biru, usinifiche. Ukihama nitakufa kwa kiapo. Usipohama nitakufa kwa barabara. Si ndiyo hesabu yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niache nife kwa barabara. Angalau watu hawatasema nilizaa mwongo."

Biranchi alitoka nje akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, karibu na jiwe la kilomita, na waliopita walimpa shikamoo wakaendelea. Alimpenda mama yake kuliko heshima yake mwenyewe, ndiyo iliyokuwa shida yake. Kiapo kilikuwa kitu cha kuaminiwa, na barabara ilikuwa kitu cha kupimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi. Mfa maji hukamata maji. Asubuhi alimwambia Mandakini asimwambie mama kitu, akaondoka kwenda mji mkuu wa jimbo.

Huko yeye na Harihar waliwekwa hotelini, kama ilivyo desturi ya watu wanaohama, na simu zao zikawekwa kwenye kikapu. Chakula kilikuwa kingi. Biranchi hakukigusa. Kabla ya kutoa simu aliambiwa kwamba mama yake ameondoka Kusumpada Jumatatu alfajiri pamoja na Mandakini, jiwe likisema mia mbili na kumi na mbili, na kwamba mvua ya usiku ilikuwa imegeuza nusu ya barabara hiyo kuwa tope. Jumanne saa tano asubuhi akaja Bwana Mohapatra, mnadhimu wa chama cha Kinu, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alileta barua ya kuhama, ambayo spika alikuwa ameshaikubali, na chini yake fomu nyingine kutoka Idara ya Ujenzi.

Harihar alitia sahihi zote mbili bila kusoma. Biranchi alisoma. Fomu ya pili ilikuwa kibali cha kuhamisha urefu. Ilisema kilomita za ziada za Kusumpada na za eneo la Harihar zitaondolewa na kuwekwa kwenye barabara ya Jhariposi.

"Bibi Kuntala hajaambiwa?" aliuliza.

"Ataambiwa."

"Mngemchukua na yeye. Tuko watatu tu. Tuje wote yaishe."

Bwana Mohapatra alimtazama kwa huruma ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

"Nafasi hakuna, mheshimiwa. Bunge lisilo na upinzani halipendezi hata pichani. Halafu kilomita hazipotei. Zinahamishwa. Lazima zikae kwa mtu."

Biranchi alimfikiria Sukanti. Ni vizuri isemwe wazi kwamba alimfikiria, kwa sababu baadaye wapo waliomtetea wakasema hakujua. Alimwona amelala kwenye kitanda cha pili na tepu ya kupimia shingoni, maana hakuivua hata kwenye mashine. Halafu akamwona mama yake ndani ya tope. Akaomba kalamu, akapewa, akatia sahihi, na simu yake ikatolewa kwenye kikapu.

Mandakini alipokea mara moja.

"Baba Lili, tumefika."

"Mmefika wapi?"

"Hospitali. Tulikuwa tumekwama kwenye tope, dereva akashuka kuwasha sigara. Kuvuta pafu la pili, geti la hospitali hilo hapo mbele. Wameshamweka kwenye mashine."

"Anapumua?"

"Anapumua. Daktari anasema tungechelewa saa moja tungekuja na maiti. Ameniuliza umefanya nini. Sikumjibu, lakini amejua."

Waandishi wa habari waliongojea chini ya ngazi walimwuliza kwa nini amehama. Alisema amehama kwa ajili ya maendeleo ya watu wake. Waliandika bila kunyanyua macho, kwa kuwa sentensi hiyo walikuwa nayo tayari.

Siku tatu Bibi Hemalata hakumsemesha. Alikula, akalala, na uvimbe wa miguu ukapungua. Kuhani alipita mara mbili kumwangalia, akiwa na udadisi wa kazi yake, akamkuta mzima. Ijumaa jiwe lilisomeka RANIGARH 4, pungufu hata kuliko zamani, na mpaka rangi alieleza kuwa nane zilizopunguzwa ni zawadi. Biranchi alimpeleka mama yake mwenyewe. Walipofika hospitali hata injini ilikuwa haijapata moto.

Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Mto mnene ulikuwa juu yake.

"Sukanti yuko wapi?" Bibi Hemalata alimwuliza muuguzi.

Muuguzi alikuwa anachomeka mirija. Alisema Sukanti alimaliza mashine Jumanne asubuhi, akaondoka saa tano kasoro kurudi kwao. Mumewe amepiga simu kutoka Jhariposi kusema hajafika. Jiwe la kule linasema mia tano na sitini na moja. Wamemtumia mtu wa pikipiki, lakini pikipiki nayo imeishiwa mafuta kwenye jiwe la mia tatu, na hakumwona.

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Yuko njiani, bibi."

Mashine ilianza kuzunguka. Damu ya Bibi Hemalata ilitoka, ikapita kwenye mirija, ikarudi. Alimgeukia mwanawe kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Biru, kichwa changu hakiumi hata kidogo."

"Ninafurahi, mama."

"Usifurahi. Kiapo kimefanya kazi yake. Kimekosea kichwa tu."

Biranchi alimfunika miguu kwa shuka, na mama hakumzuia. Ilipofika saa nne asubuhi muuguzi alitazama saa ya ukutani, akatoa mto kwenye kitanda cha pili, akamwita mgonjwa aliyefuata kwenye orodha, karani mstaafu wa palepale mjini, aliyesubiri nafasi tangu mwaka jana na ambaye alimshukuru Mungu kwa sauti.

Walipomaliza, Bibi Hemalata aliingia garini akamwomba mwanawe aende polepole. Akaenda polepole. Safari nzima ilichukua dakika tisa.