Tairi kwenye Siti ya Mama

Harufu ya yadi ile ilinipokea kabla ya mtu. Kuna dawa wanayopaka matairi yaliyochoka ili yang'ae kama yametoka kiwandani jana, na kuna yale manukato ya kutundika kwenye kioo. Kila gari lilikuwa limetundikiwa mawili mawili. Changanya hayo na jua la saa sita. Nikatema mate pembeni. Dalali akacheka, akidhani ni uzee.

"Karibu mzee. Hapa kwetu kizuri chajiuza."

"Kama chajiuza, wewe unalipwa kwa kazi gani?"

"Mzee ana maneno huyu," akamwambia mpwa wangu, akimshika bega kama wamekua pamoja. Kiganja chake kilikuwa kimelowa ile dawa ya matairi, kikaacha alama kwenye shati. Mpwa wangu hakuona. Alikuwa ameshaona gari.

Huyo mpwa, mtoto wa dada yangu, tunamwita Bosi. Jina alilipata akiwa mdogo, kwa tabia ya kuagiza aletewe maji huku amekaa kando ya mtungi. Sasa ana mke, watoto wanne na kazi ya kukaa mezani, na bado anaagiza. Mimi nilikuwa nimefika kwao juzi tu na kibegi changu, maana mimi mguu wangu hautulii, nikapewa kochi la sebuleni. Dada yangu akaniita chumbani kwake.

"Kaka, wewe umeendesha malori ya watu miaka mingi. Nenda nao. Waangalie wasije wakaniletea chombo nisichoweza kukipanda."

Dada alianguka bafuni, akavunjika nyonga, wakamtia chuma. Daktari alimkataza viti vya chini: akizama hainuki bila kuvutwa, na akivutwa anaumia. Tangu siku hiyo dunia yake ni kitanda, ukumbi na choo. Akauza kipande chake cha shamba, fedha akampa mwanawe, akasema nunua gari la kututosha sote, na mimi nitoke nje nione watu. Fedha zenyewe hazikuwa za kujivunia. Zilitosha gari la mkono wa tatu, basi. Yeye mwenyewe hakuja yadi. Teksi ilijaa watoto, na Bosi akasema mama atachoka bure.

Gari alilolipenda Bosi lilikuwa la rangi ya fedha, refu, la siti saba, limekaa chini kama paka anayenyatia. Siti zilikuwa bado zimevishwa nailoni. Nilipoinua zulia la chini nikakuta tope limekauka na sarafu imeota kutu ndani yake. Nikanusa vidole. Nikajuta.

"Gari la familia halinunuliwi kwa macho," nikasema. "Ingieni wote, mkae."

Wakaingia. Bosi kwenye usukani, mkewe kando yake, watoto watatu kati, mkubwa akakunja kiti akapenya hadi nyuma kama panya anayeingia ukutani. Ikabaki siti moja, huko huko nyuma.

"Na mama?" mkewe akauliza.

Bosi akashuka. Akafungua buti, akatoa tairi la akiba, akalipitisha juu ya siti, akaliketisha kando ya mwanawe. Akalifunga na mkanda.

"Huyu hapa mama. Tumetosha."

Watoto wakacheka mpaka gari likatikisika. "Bibi amenenepa." "Bibi, sogea." Dalali naye akacheka, meno yote nje, akapiga paa kofi. Na Bosi alisimama akitazama kazi yake kwa kuridhika kabisa, mikono kiunoni. Hilo ndilo lililonichukiza. Mzaha ningeusamehe. Yeye alikuwa anapima kweli.

"Tairi halina nyonga," nikamwambia.

"Mjomba, mama si mtu wa kutoka kila siku."

"Hatoki kwa sababu hakuna cha kumtoa."

"Basi atakaa mbele. Mambo madogo hayo."

Nikazunguka yadi peke yangu. Kwenye kona, nyuma ya matangi ya maji, lilikuwepo gari jingine, la mraba kama kabati, juu, mlango wa ubavuni wa kuteleza, siti nane, zote za kukaa wima. Dalali alinifuata kwa kusitasita.

"Hilo mzee, nisikufiche. Lilikuwa la mfuga kuku. Alitoa siti akapanga matenga. Siti tumezirudisha juzi."

Hakuwa na haja ya kunieleza. Nilifungua mlango nikarudi nyuma hatua. Manyoya yalikuwa yamenasa kwenye vyuma vya siti, na kinyesi kimekauka kwenye mishono, cheupe kama chokaa, na chini yake kibichi bado. Mainzi walikuwa wamehamia kabisa, na familia zao. Lakini injini niliiwasha ikaitika mara moja, maji safi, oili safi, moshi hakuna. Bei ni ile ile.

Bosi alikuja akaziba pua. "Nipeleke hiki kazini? Wataanza kuniagiza mayai."

Teksi yetu ilikuwa bado inasubiri nje. Nikapanda, nikaenda kumleta mwenye shamba.

Dada alivaa gauni lake la kutokea. Dereva na mimi tulimlaza nusu kwenye siti ya nyuma, mguu umenyooka, na njia nzima aliuma meno lakini hakuacha kutazama nje. "Lile duka lilihama lini?" "Hawa watoto wote ni wa nani?" Akaniuliza hata habari za nguzo za umeme.

Yadi tukamshusha, nikampa fimbo. Bosi akamfungulia mlango wa mbele wa lile la fedha kwa madaha, kama mtu anayefungua duka.

"Karibu mama. Kaa taratibu."

Hakuna taratibu katika kiti cha chini. Alishuka nusu, nyonga ikagoma, akadondoka. Sauti aliyotoa haikuwa kilio, ilikuwa ndogo kuliko kilio. Kutoka kukashindikana. Dalali ndiye aliyemkamata kwapani kwa viganja vyake vyenye dawa nyeusi, akamvuta, gauni likapanda mpaka mshono wa upasuaji ukaonekana na kila mtu. Mkwe wake alikimbilia kulishusha. Bosi alikuwa upande wa pili, ameingiza kichwa dirishani, anatafuta stesheni ya redio.

Dada akasimama akihema. Akalitazama lile gari, akawatazama wajukuu ambao walikuwa wameshagawana madirisha.

"Linunueni," akasema. "Ni zuri. Mimi nitabaki nyumbani, niwalindie mlango."

"Mmesikia," Bosi akasema. "Mama mwenyewe amesema." Na mkono ukaenda mfukoni.

Nimelala stendi za mabasi, nimeondoa mizoga barabarani kwa koleo, nimekula mezani na watu waliooza wakiwa hai. Sijawahi kuona kitu kichafu kama haraka ya mkono ule.

Nilikuwa nafungua mdomo nimtukane, lakini mkewe alinitangulia. Alivua viatu, akavipanga kando, akaomba ndoo na brashi kwa dalali, akaingia ndani ya lile gari la kuku. Tukamsikia akisugua.

Bosi akamfuata mpaka mlangoni, pua imezibwa. "Mke wangu, unafanya nini?"

"Naosha gari letu."

"Hatujakubaliana."

Akatoka na brashi inayodondosha uchafu. "Mama yako namwogesha mimi. Nyonga ile naishika mimi kila asubuhi, wewe unauliza chai. Akibaki nyumbani, nabaki naye, na watoto wanabaki na mimi. Nunua la siti mbili, utembee na redio yako."

"Mbele za watu?"

"Watu wapi? Mainzi?"

Dalali alicheka, kisha akaona uso wa Bosi akajifanya anakohoa. Bosi alinitazama mimi nimsaidie. Mimi nikatazama mlima wa matairi.

Alilipa kama anayelipa faini. Dada yangu akaweka mguu mzima kwenye kizingiti, mkwe akamshika kiuno, akapanda mwenyewe, akaketi wima kama kwenye kiti cha jikoni. Watoto wakaingia wakijibana pua, mmoja akatapika dirishani kabla hatujatoka getini. Ule uvundo wa unyevu na kuku sikuwahi kuuzoea, na sitasema uongo kwamba uliisha.

"Linanuka," dada akasema.

"Linanuka sana, mama," mkwe akajibu.

"Basi fungua dirisha lote."

Bosi akawasha indiketa, leso puani. "Nyumbani?"

"Nyumbani napajua," dada akasema. "Nyoosha."