Kidole cha Chiriku

Fundi betri hakuwahi kuogopa sindano, ila siku ile kijasho chembamba kilimtoka kwa sindano ya mtu mwingine. Mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye nyumbani wanamwita Chiriku kwa domo lake, alikaa mapajani pake akamnyooshea nesi kidole kama bibi harusi anayengoja pete.

Zahanati ilikuwa ikipima watoto wa mtaa mzima kama wana madini ya risasi mwilini. Nesi alifuta kidole kwa pamba ya spiriti, akachoma, akaweka tone la damu kwenye mashine. Jibu lilipotoka alikunja uso.

"Iko juu sana. Mzee wangu, nyumbani kuna nini?"

Fundi alinywea. "Kuna mimi," alisema. "Nayeyusha risasi za betri."

Alikuwa hodari wa kazi na mbishi wa kuvaa glavu. Kila jioni Chiriku humrukia mlangoni hata viatu hajavua, na kwa mruko ule mzee huona dunia yote ni yake. Sasa aliona anaukosa, tena kwa haki. Ilimuuma.

Nesi alitazama kucha nyeusi za mzee, kisha kiganja cha mtoto. "Alinawa?"

"Nyumbani, kwa sabuni."

"Na njiani?"

"Nilimshika mkono. Au nimwache agongwe na gari?"

Nesi aliangua kicheko, akajishika kichwa. "Nami nikafuta kwa spiriti, na spiriti haiondoi risasi. Tumekosea sote wawili. Njooni bombani."

Aliwanawisha wote, kisha akachukua damu kwenye mshipa wa mkono. Safari hii Chiriku alipiga ukelele hadi foleni ya nje ikapungua.

Majibu ya maabara yalikuja keshokutwa yake: risasi kwenye damu ilikuwa chini kabisa. Ile ya kwanza ilikuwa ya kidoleni, mali ya babu.

"Bahati yako, mzee," nesi alisema. "Usiijaribu tena. Oga na ubadilishe nguo kazini kabla hujamgusa."

Siku hiyohiyo mbishi alinunua glavu. Jioni akafika nyumbani akinukia sabuni. Chiriku alikuja mbio, kisha akasimama kabla ya kumfikia.

"Mikono," mtoto aliamuru.

Akainyoosha. Alikaguliwa kidole kwa kidole na mtu ambaye hata kamasi hajui kupenga.

"Hiki bado."

Babu alirudi bombani bila ubishi, mara ya kwanza maishani mwake. Alipotokea tena, mruko ulimkuta palepale mlangoni, nusura umwangushe.